Baba kazima televisheni kabla filamu haijaisha. Nani yuko sahihi?

"Shikamoo mwalimu. Nakuandikia kutoka Tabora, Ng'ambo. Nilipokuwa kidato cha tano baba alinipa riwaya ya Mjerumani Erich Maria Remarque kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia, All Quiet on the Western Front, nakala ya Kiingereza iliyokwisha jalada, na mpaka leo nimeisoma mara tatu. Baba ni mstaafu wa reli, ila mwishoni mwa 1978 alichukuliwa akiwa mgambo akaenda vita vya Kagera, na hicho ndicho kitabu pekee cha vita anachokikubali. Mwezi uliopita shemeji alituletea kwenye flashi ile filamu ya Kijerumani ya 2022 ya kitabu hichohicho, tukaiweka kwenye televisheni ya sebuleni. Baba alitazama kimya zaidi ya saa mbili. Ilipofika pale Paul, kijana msimulizi wa kitabu, anapigana dakika za mwisho kabla ya saa ya kusitisha vita, mzee akainuka, akazima, akasema 'Huyu siye Paul', akaenda kulala. Shemeji anasema mzee amezeeka tu, filamu imechukua Oscar nne, na kitabu na filamu ni vitu viwili tofauti, basi. Mimi niko katikati. Kuna vitu nimevipenda mno na kuna vitu vimeniudhi, na nikiulizwa kwa nini sina jibu. Nihukumu kwa kigezo gani? Halafu mwanangu yuko kidato cha pili, anataka kuitazama badala ya kusoma. Nimruhusu? Na baba je, nimwache? Tangu siku ile hataki hata itajwe."

Marahaba, mwanangu, na mzee mfikishie salamu zangu. Umenifungia maswali matatu kwenye furushi moja: filamu ihukumiwe vipi, mtoto aanze na nini, na mzee afanyiweje. La kwanza nitalijibu kwa kirefu kwa sababu ndilo ninaloliweza. La mwisho ndilo zito, kwa hiyo usiishie njiani.

Kwa kifupi, mzee yuko sahihi kuhusu mwisho, shemeji yuko sahihi kuhusu ufundi, na wewe uliyebaki katikati umetazama vizuri kuliko wote wawili. Ninachokataa ni lile "basi" la shemeji. Ndiyo, ni vitu viwili. Lakini filamu iliyochukua jina la kitabu, majina ya wahusika wake na wasomaji wake wa karibu miaka mia imekopa, na aliyekopa huulizwa.

Tuondoe kwanza mambo matatu yanayowachanganya watu. Hizo Oscar nne zilikuwa za filamu bora ya kimataifa, upigaji picha, muziki na usanifu wa mandhari. Hakuna hata moja hapo inayopima kama kitabu kimesomwa sawasawa. Kwenye uandishi iliteuliwa, haikushinda. Waingereza kwenye BAFTA zao waliipa hata ya uandishi, kwa hiyo shemeji akilijua hilo atalitumia, jiandae. Lakini jopo la tuzo linatazama filamu kama filamu, na hawajaulizwa swali lako.

La pili ni lile la "hii ya sasa ni ya Wajerumani wenyewe, lazima iko karibu zaidi na kitabu." Mpaka sasa kuna filamu tatu kubwa za riwaya hii. Ya kwanza ni ya 1930, ya Lewis Milestone, ya Marekani. Ya pili ni ya 1979, ya Delbert Mann, ya Marekani na Uingereza kwa pamoja, iliyotengenezwa moja kwa moja kwa ajili ya televisheni. Ya tatu ni hii ya Edward Berger. Ya Wajerumani ndiyo iliyokwenda mbali na kitabu kuliko zote. Lugha ya wahusika ni jambo moja, na namna mwandishi wa skripti alivyokisoma kitabu ni jingine.

La tatu, watu hudhani Paul Bäumer ni Remarque mwenyewe, kwa hiyo kila tukio ni ushahidi na kubadilisha tukio ni kusema uongo. Remarque aliitwa jeshini akiwa na miaka 18, mwishoni mwa 1916. Alipelekwa mstari wa mbele Juni 1917, akajeruhiwa tarehe 31 Julai mwaka huohuo, na sehemu kubwa ya vita iliyobaki aliimaliza hospitalini. Paul anakaa vitani muda mrefu zaidi na anakufa Oktoba 1918. Mwandishi alichagua auawe siku gani, na uchaguzi huo tutaurudia.

Sasa kigezo. Nimefundisha fasihi miaka thelathini na moja, mingi ikiwa hapa Kigoma, na katikati nimeandika michezo ya redio, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za hii meza. Niliwahi kupewa riwaya niigeuze mchezo wa redio wa vipindi kumi na vitatu. Mle ndani kulikuwa na bibi mmoja asiyefanya lolote ila kuchambua mchele barazani. Redioni kuchambua mchele hakusikiki, nikamkata. Nilipofika kipindi cha sita ndipo nikagundua kwamba siri zote za ukoo ule zilikuwa zikisemwa mbele ya bibi yule, kwa sababu hakuna aliyemhesabu kuwa mtu. Ikabidi nizue jirani mmbeya wa kuzibeba siri. Matukio yote nikawa nimeyabakiza, na mchezo ukafa.

Tangu hapo siulizi "wamekata nini?" wala "wameongeza nini?" Nauliza kitu kile kilikuwa kinafanya kazi gani kitabuni, na je, kwenye filamu kazi hiyo imepata wa kuifanya? Jaribu swali hilo kwenye vitu vilivyokufurahisha na vilivyokuudhi, nadhani utaona vinajipanga vyenyewe.

Anza na ulichokipenda. Hukukitaja, lakini nitabahatisha: sare, pale mwanzo. Kijana anaitwa Heinrich, anakimbia kutoka kwenye handaki, picha inakatika. Kisha tunaona sare za waliokufa zikivuliwa, zikirundikwa, zikifuliwa kwenye mapipa maji yakigeuka mekundu, zikipelekwa kwa wanawake wenye cherehani waliokaa safu kwa safu, matundu ya risasi yakizibwa. Halafu Paul, mwanafunzi mwenye furaha ya kwenda vitani, anakabidhiwa sare yake, anakuta kijina kimeshonwa kwenye ukosi, na anamwambia karani kwa adabu kwamba hii ni ya mtu mwingine. Karani anamwambia pengine ilimbana mwenyewe, hutokea sana, anakichana kijina, kinaanguka chini.

Hilo halimo kitabuni hata kwa mstari mmoja. Lakini kitabuni kuna buti za Kemmerich. Unazikumbuka, buti laini za ngozi nzuri. Kemmerich amekatwa mguu, yuko kitandani anakufa, na Müller anaziulizia, si kwa ubaya, ila kwa sababu buti nzuri ni haba na mwenzake hazihitaji tena. Müller anazivaa mpaka anapouawa, zinakuja kwa Paul, na Paul tayari ameshamwahidi mwenzao Tjaden. Kazi ya buti ni kukuonyesha kwamba vitani kitu kinadumu kuliko aliyekivaa. Berger ameziacha buti, akatafuta sare, na kazi ikafanyika, tena kwa picha tupu, bila maneno. Mimi nimefundisha zile buti mara nyingi na bado nilipoona cherehani zile nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji. Kwa hiyo ukisikia mtu analalamika kwamba filamu imeongeza vitu, mwambie kuongeza si kosa.

Ili uelewe kosa linaingilia wapi, tazama lugha yetu yenyewe. Jaribu kuzisimulia sura za mwanzo za kitabu kile kwa Kiswahili, utajikuta unatumia "hu" bila kuchoka. Kat, askari mkongwe wa kikundi chao, hunusa chakula mahali ambapo wengine hawaoni hata moshi. Tjaden hula kuliko wote na hanenepi. Chawa huuawa kwa kukaangwa: Tjaden ana kifuniko cha kopo la rangi ya viatu, amekining'iniza kwa waya juu ya kipande cha mshumaa, chawa anatupwa mle, anapasuka, kwisha. Maisha ya mahandaki kwenye riwaya ni ya "hu", mambo yanayorudiwa mpaka yakawa kawaida, na ukawaida huo ndio unaokutisha msomaji.

Kamera haina "hu". Inachokionyesha kinatokea sasa, mara moja. Kat akiiba bata bukini kwenye filamu, ameiba siku ile, na mtazamaji anangoja kuona wizi ule utazaa nini. Ndiyo maana kwenye filamu ya 2022 wizi umezaa. Kat na Paul wanarudi tena kuiba shambani, na mtoto wa mwenye shamba anampiga Kat risasi. Kitabuni haiko hivyo. Kat anaumia mguuni, jeraha si la kuua, Paul anambeba mgongoni umbali mrefu hadi kwa waganga, anamweka chini, na mhudumu anamwambia ungejipunguzia taabu, huyu amekwisha kufa. Kipande kidogo cha bomu kilimwingia kichwani njiani, Paul asijue. Hakuna kisasi wala malipo ya wizi. Mwandishi wa filamu alibanwa na chombo chake, namwelewa, lakini ukipima kazi, kifo cha Kat kitabuni kilikuwa kinasema kwamba kufa kule hakuna sababu, na filamu imekipa sababu. Hapo imepoteza.

Kuna na viambishi vya nafsi. Riwaya inaanza na "tu". Tumekaa kilomita tisa nyuma ya mstari wa mbele, tumeshiba, kwa kuwa mpishi alipika cha watu 150 na waliorudi ni 80. Sura kwa sura ile "tu" inamegeka: Kemmerich, Müller, Leer, Kat. Mwishoni imebaki "ni", Paul peke yake. Kisha, kwenye aya mbili za mwisho kabisa, "ni" inageuka "a". Mtu mwingine, asiye na jina, anatuambia kwamba alianguka Oktoba 1918, siku ambayo mstari mzima ulikuwa kimya kiasi kwamba taarifa ya jeshi ilitosheka na sentensi moja. Hatusikii mlio wala kuona damu. Kiambishi kimebadilika, basi, na ndipo tunajua msimulizi wetu ameshakufa. Nikifika hapo darasani huwa siongezi neno, naandika NI ubaoni, naifuta, naandika A.

Na hiyo sentensi moja ya taarifa ya jeshi ndiyo jina la kitabu. Kiingereza, kwenye tafsiri ya A. W. Wheen ya 1929, kinasema kulikuwa kimya. Kijerumani ni Im Westen nichts Neues, na kwa bahati sisi tuna maneno yake mdomoni kila siku. Mtu akikuuliza kuna jipya, unamjibu hakuna jipya. Upande wa magharibi hakuna jipya. Kijana tuliyekaa naye sura kumi na mbili ameuawa, na makao makuu yameandika hakuna jipya. Hilo ndilo boriti la nyumba nzima.

Sasa weka filamu tatu pamoja uone zinavyolishika boriti hilo. Kwenye ya 1930 Paul anamwona kipepeo nje ya handaki, ananyoosha mkono, mdunguaji anampata, tunaona mkono tu ukilegea. Kwenye ya 1979 anamwona ndege, anaanza kumchora, anasimama kidogo ili amwone vizuri, risasi. Kitabuni hakuna kipepeo wala ndege. Waongozaji wote wawili walizua, na wote wawili walizua kitu kidogo, cha siku isiyo na habari, kwa hiyo jina la kitabu likabaki na maana.

Berger amefanya kinyume. Ameleta saa ya ukutani. Mkataba umesainiwa kwenye behewa la treni huko Compiègne, mapigano yakome saa tano asubuhi, tarehe 11 Novemba 1918, na jenerali mmoja mwenye kiburi anawarudisha vijana kushambulia robo saa ya mwisho. Paul anachomwa singe kwa nyuma, sekunde chache kabla ya saa kufika. (Kama shemeji aliwaletea ile iliyotafsiriwa na dijei, huenda mlisikia "saa kumi na moja". Nimeisikia kwenye kibanda umiza hapa Kigoma, na vijana walitoka wakiamini vita viliisha magharibi, jua likizama. Ni saa tano.) Mkataba ni wa kweli, na Matthias Erzberger aliyeusaini kwa upande wa Ujerumani ni mtu wa kweli. Ni kweli pia watu waliuawa asubuhi ile ya mwisho. Mmarekani Henry Gunther anakumbukwa kwa kufa dakika moja kabla ya saa tano. Jenerali wa filamu ni wa kubuni, na shambulio kama lile kutoka kwa jeshi la Ujerumani lililokuwa limechoka na kurudi nyuma ni gumu kuaminika.

Lakini hata lingekuwa la kweli, pima kazi. Tarehe 11 Novemba ndiyo siku yenye jipya kuliko siku zote za vita vile, dunia nzima ilikuwa inaisubiri taarifa ile. Ukimuua Paul siku hiyo umemfanya mtu aliyebakiza sekunde chache aokoke. Inauma, ndiyo, moyo unakwenda mbio, lakini ni uchungu wa kukosa basi kwa dakika moja. Kitabu kilikuwa na uchungu wa aina nyingine kabisa, na jina lililoandikwa mwanzoni mwa filamu linaahidi huo. Hapo nasimama na mzee wako.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa huku tunaweza kulisema kwa sauti kidogo. Ile saa ya ukutani ilikuwa ya Ulaya. Huko kwenu Tabora Wabelgiji na askari wao wa Kongo walikuwa wameshaingia tangu tarehe 19 Septemba 1916. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, alikabidhi silaha tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya saa tano ile, pale Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, juu kidogo ya bandari ya Mpulungu ambako meli yetu ya Liemba ilikuwa ikienda kwa miaka mingi. Liemba yenyewe ni meli ya Wajerumani ya vita vilevile, waliizamisha wenyewe mwezi Julai 1916 isichukuliwe. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyekuwa bado na mzigo kichwani tarehe 12 Novemba hakuwa na saa ya kumwambia vimekwisha. Ukitazama kutoka huku, kifo cha Oktoba kisichotangazwa kinaeleweka haraka kuliko cha dakika ya mwisho. Mimi hivyo ndivyo ninavyokisoma, Mjerumani ana sababu zake.

Na sababu zake nizitendee haki. Berger amemleta Erzberger na majenerali kwa kuwa mtazamaji wa leo anajua kilichokuja baadaye, kwamba aibu ya kusaini ile ilitumiwa kuwasha moto mwingine. Remarque alikichapisha kitabu 1929, hakuwa na ujuzi huo. Kuna faida kwa mtoto anayejifunza historia. Bei yake ni kwamba kitabuni hatupandi kamwe juu ya kimo cha macho ya askari wa kawaida. Hatujui jenerali anakula nini, kwa kuwa Paul hajui. Filamu ikituingiza kwenye chumba cha mikate laini inatupa hasira ya bure, tunajua nani wa kulaumiwa, na Paul hakuwahi kuipata nafuu hiyo.

Tena, ili kupata nafasi ya majenerali, imekatwa likizo. Sura ya saba nzima. Paul anarudi nyumbani, mama mgonjwa wa saratani amemwekea chakula anachokipenda na jemu aliyoificha siku nyingi, wazee wa mjini wanamfundisha jinsi vita vinavyopaswa kupiganwa, anakaa chumbani kwake mbele ya vitabu vyake vya zamani na havisemi naye. Anaondoka akijuta kwamba alikuja. Kwangu ndiyo moyo wa kitabu, na sina hakika, lakini sishangai kama mtu aliyewahi kurudi kutoka vitani anaitafuta sura hiyo kwanza. Filamu ya 2022 haina nyumbani. Ukiniuliza ni kosa gani kubwa, la saa au la likizo, nitasema la likizo, ingawa la saa ndilo linalopiga kelele.

Tukio la shimoni, Paul na yule Mfaransa aliyemchoma kisu, Gérard Duval, filamu zote zinalipenda kwa sababu uso wa mwigizaji unatosha. La 2022 linatisha: Paul anamjaza udongo mdomoni anyamaze, kisha anamsafisha huku akiomba radhi. Ni zuri sana. Lakini linaishia kwenye kilio. Kitabuni Paul anaapa atamwandikia mke wa Duval, jioni anatulia, kesho yake wenzake wanamwonyesha mdunguaji anayehesabu aliowapata, na Paul anasema vita ni vita. Hamwandikii mtu. Soma tena kurasa zile mbili, ni katili kuliko udongo wote ule.

Ya televisheni ya 1979 ikoje? Likizo imo, mwalimu Kantorek yumo, yule koplo mnyanyasaji Himmelstoss yumo, na sauti ya Paul inasimulia. Kwa mpangilio wa matukio ndiyo iliyo karibu zaidi. Ernest Borgnine aliyeigiza Kat alikuwa amepita miaka sitini, na Kat wa kitabu ana arobaini, ila alivyo mtulivu utamsamehe. Udhaifu wake ni kwamba sauti inaeleza mambo ambayo picha imeshayasema, na vita vyake vinaonekana vya bajeti ya televisheni. Ni ya heshima, na mara nyingine heshima inachosha. Ya 1930 bado ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Berlin, Desemba mwaka ule, Wanazi waliingiza panya weupe na mabomu ya kunuka ukumbini ili isitazamwe, ikapigwa marufuku. Waliielewa.

Kijana wako. Kidato cha pili ni miaka kumi na minne, kumi na mitano. Ya 2022 asitazame sasa, na asiitazame peke yake kwenye simu usiku: kuna watu wanachomwa kwa bunduki zinazotema moto, wanapondwa na vifaru, kuna askari anajichoma uma shingoni. Kuhusu "badala ya kusoma", akitangulia kutazama, Paul atakuwa na uso wa mwigizaji maisha yake yote, na ile "ni" haitamshtua ikigeuka "a" kwa sababu alishamwona akifa kwa nje. Nisikudanganye, nimewahi kuwa na wanafunzi waliokuja kwenye kitabu kwa mlango wa sinema na wakakipenda, haikuwa dhambi. Lakini kwa huyu ningempa sura ya saba peke yake, uisome naye kwa Kiingereza, mkikwama mnaitafsiri. Ikimshika, mrudishe sura ya kwanza. Ikimchosha, mwekeeni ya 1930, haina rangi na atalalamika dakika kumi.

Nimebakiza mzee. Mimi ni mwalimu wa fasihi, sijui kilichompata sebuleni, na wewe usijipe kazi ya kujua. Inawezekana kabisa aliudhika kama msomaji, kama mimi nilivyoudhika, na kukaa kwake kimya ni kwa sababu shemeji alisema amezeeka. Hilo ni rahisi, shemeji aende akamwombe radhi, na asiende mikono mitupu. Usimwulize Kagera. Mwulize filamu: "Baba, wewe ungeimalizia wapi?" Akijibu kuhusu Paul, zungumzeni Paul. Akivuka mwenyewe kwenda mwaka 1978, nyamaza usikilize, usimsahihishe tarehe.

Lakini mtazame usiku. Kama tangu siku ile halali, anaamka akihema au akipiga kelele, anashtuka mlango ukigongwa, amepoteza hamu ya kula, anajitenga na watu aliokuwa akikaa nao, au ameanza kunywa kuliko kawaida, na hali hiyo imezidi wiki chache, hapo si suala la filamu tena wala la barua. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, mwombe kuonana na mtu wa afya ya akili, na mweleze wazi kwamba mzee alikuwa vitani na ametazama filamu ya vita. Mambo ya vita yanaweza kurudi baada ya miaka arobaini na zaidi, wala hajalogwa. Akisema maneno ya kukata tamaa na maisha, usingoje hata siku moja.

Kama ni kuudhika tu, tafuta ile ya 1979. Iwekeni Jumapili mchana, dirisha wazi, chai mezani, mtoto akae hapo maana hiyo anaiweza. Shemeji aje kama ameshaomba radhi. Na rimoti mpeni mzee.